Mdogo wangu karudi kutoka soba, majirani wanaanua nguo

Mtaani kwetu huku Nkuhungu mtu akifiwa hata saa mbili haziishi turubai limeshafungwa, viti vya plastiki vimeshashushwa kwenye guta, grupu la WhatsApp limeshafunguliwa na mtunza hazina anatupia majina, fulani elfu tano, fulani elfu kumi, fulani kaahidi. Harusi ndo usiseme, mtu ambaye hamjawahi hata kula naye muhogo anakuletea kadi ya mchango na usipotoa anakununia mpaka mtoto wake wa kwanza azaliwe. Mtu akilazwa tunaenda na chupa ya uji, akijifungua tunaenda na supu na kanga. Haya, sasa niambieni nyie mnaoishi uswahilini kama mimi, lini mmeona mtu katoka soba hausi, yaani nyumba wanapokaa watu kuacha dawa za kulevya na pombe, alafu watu wakaenda kumsalimia hata na kilo ya sukari?

Mi sijaona. Na nimeishi Dodoma tangu Nkuhungu haina nyumba nyingi hivi.

Naandika hii kwa sababu nimechoka kuulizwa swali moja kila siku nikiwa kwenye cherehani. Mteja anakuja kuchukua gauni lake, anajifanya anaangalia pindo, alafu anashusha sauti, dada samahani, hivi mlifanyaje mpaka yule mdogo wako akatulia? Maana na mimi nina wangu nyumbani. Kila mtu ana wake nyumbani, ndo kitu nilichojifunza, ila kila mtu anadhani yupo peke yake. Basi ngoja niandike, ukiniuliza tena nakutumia link.

Mdogo wangu alikuwa winga Kariakoo kule Dar, yaani wale wanaowavutia wateja madukani, anajua kuuza huyo, anaweza kukuuzia koti la baridi mwezi wa kumi na mbili. Akaanza na kokteli, yaani bangi imechanganywa na unga, wenzake wakimwambia ni bangi tu yenye ladha, na baadae ikawa kete yenyewe, kipakiti cha unga mtupu. Unga tunaosema hapa ni heroini. Sisi huku Dodoma tulikuwa tunaona tu simu zimeanza kuwa za kuomba hela, leo kaibiwa, kesho anaumwa tumbo, keshokutwa bosi hajamlipa. Alivyorudi nyumbani suruali ilikuwa imefungwa na kamba ya kiatu. Mama akasema mwanangu karogwa. Majirani walishajua siku ile ile, wao hawakusema karogwa.

Nisikuchoshe na kipindi cha wizi, mnakijua. Jiko la gesi liliondoka, pasi ikaondoka, na mashine yangu ya kudarizi ilipona kwa sababu tu ilikuwa nzito.

Kuhusu arosto, yaani mateso ya mwili mtu akikosa unga aliouzoea, nataka niseme kidogo, maana watu wengi wanadhani hapo ndo pagumu kuliko pote. Arosto ya unga ni mateso kwelikweli, mafua, miayo, kuharisha, misuli inakata, hasinzii, ngozi inamsisimka kama kuku aliyenyonyolewa, na siku ya pili ya tatu ndo inakuwa kali zaidi. Ila kwa watu wengi ikifika kama wiki hivi mwili unaanza kupoa. Pombe ndo tofauti na hili naomba lisikike vizuri. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka, anaamka na kunywa ndo mikono iache kutetemeka, ukimfungia chumbani ghafla eti akate mwenyewe anaweza kupata degedege, anaweza kuchanganyikiwa akaanza kuona vitu ambavyo havipo, na anaweza kufa. Huyo anatakiwa akakatie pombe hospitali, wanampa dawa za kumshusha taratibu na vitamini. Nazijua familia zinazofunga mtu na mnyororo kwa nia njema kabisa na mchungaji yupo mlangoni anaomba. Ombeni, lakini mpelekeni hospitali.

Na hapo kwenye hospitali ndo Dodoma tuna ka ugonjwa ketu. Sisi tuna Mirembe. Nchi nzima mtu akitaka kumtukana mwenzie anamwambia utapelekwa Mirembe, sasa fikiria sisi tunaokaa nayo mji mmoja, hospitali ya taifa ya afya ya akili ipo hapa hapa, watu wanatoka Mtwara na Kagera wanaletwa, sisi wa hapa mtu anaona bora azunguke kwa waganga watano kuliko kuonekana anashuka pale getini. Mama yangu alijifunika mtandio mpaka puani siku ya kwanza. Jua la saa saba mchana, mtandio puani! Kule ndani alikutana na mama mwingine wa mtaa wa pili na yeye kajifunika hivyo hivyo, wakatambuana kwa viatu.

Basi tukahangaika, tukapata nafasi soba hausi moja, siitaji. Ada ya mwezi ilitutoa jasho, mbuzi wa bibi kule Bahi waliuzwa. Ndani ya soba hamna miujiza, watu wanadhani kuna sindano fulani wanachomwa. Hamna. Wanaamka mapema, wanafagia, wanapika kwa zamu, wanafua, wanakaa kikao kila siku kila mtu anasema yake. Ule utaratibu wa vikao umetokea mbali, ulianza na walevi wawili huko Akron, Ohio, Marekani mwaka 1935, mmoja mtu wa biashara ya hisa mwingine daktari, waligundua kwamba mlevi akiongea na mlevi mwenzie anakaa bila kunywa kuliko akihubiriwa na mtu msafi. Watu wa dawa za kulevya wakaja kuanzisha wa kwao California mwaka 1953. Leo vijana wa Dodoma wanakaa kwenye benchi wanasema jina langu fulani, mimi ni mraibu, na wenzake wanamuitikia. Nilivyoenda kumtembelea mara ya kwanza nikamsikia anasema vile nilitamani kumziba mdomo, kwetu hatusemi vitu hivyo hadharani. Ila nilimuangalia usoni, alikuwa kama mtu aliyetua gunia.

Sasa akarudi. Na hapa ndo penyewe. Mimi nasema kurudi mtaani ni kugumu kuliko arosto, na sisemi kwa kubuni, nimeona. Arosto ina mwisho. Mtaa hauna mwisho.

Siku ya pili tangu arudi nilimtuma kwa Mangi akaninunulie uzi mweusi. Nipo mlangoni namuangalia anavyoenda, kavaa shati nililomshonea mwenyewe, kanyooka. Jirani yetu mmoja alikuwa ametoka kuanika nguo muda huo huo, kamba nzima, mashuka, sare za watoto, zinachuruzika maji. Alivyomuona anakuja akaanza kuanua. Mbichi! Anaanua nguo mbichi, anazirundika kwenye beseni, maji yanamwagikia kwenye kanga yake, mpaka mdogo wangu kapita. Na yeye kasimama akamwamkia, shikamoo mama. Yule mama akaitika marahaba huku kakumbatia beseni. Alafu alivyopita akaanza kuanika upya.

Mdogo wangu alinipa uzi na chenji yangu yote, hakusema kitu. Kasheshe ni kwamba huyu mama si mtu mbaya, ndo huyo huyo aliyekaa na mama yetu usiku kucha baba alipofariki. Na nguo zake kweli ziliwahi kuibiwa, na kweli zilikuwa kipindi kile. Simlaumu kwa kuogopa. Namlaumu kwa kutokutaka kuongea, maana mdogo wangu alikuwa anatafuta namna ya kumuomba msamaha na kumlipa taratibu, ila utamuombaje mtu msamaha kama kila ukitokea anakimbia na beseni.

Kitu kinachoitwa unyanyapaa kwenye semina, huku kwetu ndo hivyo, hakija na tusi. Kinakuja na mkoba unaohamishwa bega. Msibani anapewa sahani lakini hatumwi kwenda kununua mchele. Mtoto anaitwa ndani. Simu ya mtu ikipotea, watu hawasemi kitu, wanatulia tu wanaangalia upande mmoja. Na kwa kijana kama huyu ukimya ule ni wa hatari, unajua wenyewe mwizi anavyofanywa mitaani, mtu mmoja akipaza sauti tu tairi limeshafika.

Cha ajabu, waliomsaidia mwanzoni hawakuwa watu wanaomjua. Tangu serikali ihamie huku mji umejaa wageni, 2016 walipotangaza mpaka leo kila kona kuna saiti, mafundi wametoka Iringa, Kigoma, Mwanza, wote. Alipata kibarua cha zege kule Nzuguni na kule hakuna aliyemjua, akawa anaitwa fundi tu. Alikuwa anarudi jioni kachoka vizuri, anakula, analala. Ndo nikaelewa kwa nini wengi wakitoka soba wanahama mji. Lakini mtu hawezi kuishi maisha yake yote saiti kwa sababu tu nyumbani kwao wanamjua.

Kijiwe ndo kilichobadilisha mambo. Mbele ya fremu yangu kuna kijiwe cha bodaboda, kelele zao nimezizoea, mwenyekiti wao ni mzee mmoja Mrangi wa Kondoa, kapiga boda tangu pikipiki ni za kuhesabika Dodoma. Siku moja akaja kukaa kwenye benchi yangu, akasema dada, huyu kijana anajua kuosha pikipiki? Nikamwambia anajua kuosha na kuuza pia, mwangalie tu asiiuze. Akacheka, akasema basi kesho aje.

Akaanza kuosha. Ndoo, sponji, dumu la maji, mia tano mia tano. Na wakakaa wakakubaliana, na hapa sikilizeni vizuri maana watu wanakosea. Hela taslimu mkononi kwa mtu aliyetoka kwenye unga karibuni ni mtihani, mwenyewe alisema, akishika noti ya elfu kumi jioni mwili unakumbuka. Kwa hiyo YEYE ndo aliyeomba, sio sisi tulioamua, kwamba hela yake ya siku ashikiwe, ya kula alipiwe kwa mama ntilie moja kwa moja na inayobaki iende kwenye hisa za mama kikobani, kile kikundi chetu cha kuweka akiba. Baada ya muda akasema sasa nataka nishike mwenyewe, akapewa. Tofauti ni kubwa sana kati ya kumshikia mtu hela alizokuomba umshikie na kumnyang'anya kama mtoto. Familia nyingi zinafanya ya pili alafu zinashangaa mtu kawa mkali.

Alafu ile kijiwe ikaweka sheria, na hii ndo naipenda kuliko zote. Bodaboda ni watu wa utani, wanataniana mpaka kuhusu maiti, ila mwenyekiti akasema mtu akimwita huyu teja, yaani mla unga, hata kwa kucheka, faini elfu mbili mfuko wa kijiwe. Wa kwanza kulipa alikuwa rafiki yake kabisa aliyesoma naye shule ya msingi. Kalipa kwa manung'uniko, kasema mwenyekiti hata utani? Mwenyekiti akamwambia utani una mwenyewe, yeye akijitania ni bure, wewe ukimtania ni elfu mbili. Basi hiyo ikawa msemo, mpaka leo mtu akizidisha wanamwambia wewe leta elfu mbili.

Leseni ikapatikana, akaanza kupewa deiwaka. Kwa wasiojua, deiwaka ni pale mwenye pikipiki kachoka au ana dharura anakuachia uendeshe siku hiyo, unampa hesabu yake jioni, kinachozidi chako. Kumpa mtu deiwaka ni kumpa pikipiki ya mamilioni aondoke nayo, hujui atarudi. Yule wa kwanza kumpa alikuwa kijana mdogo wa Mpwapwa, pikipiki yenyewe ya mkataba, hajamaliza kulipa. Nilikuwa namuangalia jioni ile anavyochungulia barabara kila mlio wa pikipiki. Ikarudi. Hesabu kamili. Akaikagua tairi zote mbili, akasema mbona hujaiosha, na wote wakacheka kwa sababu walikuwa wameshikilia pumzi.

Sasa nikiishia hapo itakuwa kama filamu ya dini. Aliteleza. Ilikuwa baada ya miezi, kuna mtu wa zamani alikuja kutoka Dar, na tuliojua dalili tuliona mapema, mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, anajikuna pua, anasinzia katikati ya maneno. Nyumbani mama alilia, shangazi akasema mlikuwa mnapoteza hela tu, mbuzi wameisha na mtu yule yule. Ndo maneno ya kila familia. Ila ukweli ni kwamba kuteleza kupo na wataalamu wanakuhesabu kama sehemu ya ugonjwa wenyewe, taasisi ya Marekani inayotafiti dawa za kulevya, ile NIDA, inasema kati ya asilimia 40 na 60 ya wanaotibiwa wanarudia, na wanalinganisha na watu wa presha na pumu ambao nao wanaacha masharti wanarudi wodini. Shangazi ana presha, chumvi hajaacha, hatujawahi kumwambia tumepoteza hela.

Na kitu kingine ambacho watu hawajui, mtu aliyekaa miezi bila unga mwili unakuwa umesahau. Akirudia na kipimo kile kile alichokuwa anatumia zamani, pumzi inaweza kukata. Wapo wengi wanaokufa kipindi hicho, katoka soba au katoka jela, kateleza mara moja. Kwa hiyo ukimfukuza mtu siku aliyoteleza, ukamwambia nenda huko huko, akaenda kujificha kwenye jumba bovu peke yake, unajua umemwacha wapi. Mwenyekiti wa kijiwe hakumfukuza. Alimfuata maskani na pikipiki usiku, akamkuta, hakumhubiria, alimwambia panda twende, kesho una zamu.

Kesho yake hakupewa pikipiki, hawakuwa wajinga. Walimpeleka Itega.

Itega kuna kliniki ya methadoni, dawa ya kumtibu mtu wa unga, wengi wa Dodoma hawajui. Methadoni kwa Tanzania ilianza mwaka 2011 pale Muhimbili, baadae ikasambaa. Ni dawa ya maji, unakunywa mbele ya mhudumu, kila siku, bure. Inafanya kazi zaidi ya siku nzima, kwa hiyo arosto haiji na ile kiu inatulia, na ukiwa kwenye dozi sahihi haikupi stimu, unakuwa mtu wa kawaida tu mwenye akili zake anayeweza kwenda kazini. Inapunguza watu kuchomana sindano moja, kwa hiyo na VVU na homa ya ini inapunguza. Hatua zake ni za muda mrefu, kuna mtu miezi kuna mtu miaka, na huachi ghafla, unapunguziwa na daktari.

Hapo sasa nikagombana na kanisa, au tuseme na mtu mmoja kanisani. Alimwambia mdogo wangu kwamba hiyo ni kuhamisha ulevi kutoka chupa hii kwenda chupa ile, kama ana imani ya kweli aache na hiyo. Nilimjibu kwa heshima maana ni mtu mzima, nikamwambia mzee, wewe unachoma insulini asubuhi na jioni, imani yako ipo wapi? Alinuna. Ila nitasema tena, mtu anayemwambia mgonjwa aache dozi bila daktari anabeba damu ya mtu mkononi, awe na kola au kanzu. Na nisiwaonee watu wa dini, sababu jumuiya ya mama ndo iliyokuja kusali nyumbani kwetu ikanywa chai na yeye akiwepo, wa kwanza kuingia mlangoni kama wageni wa kawaida. Walikuja na sukari! Kilo mbili. Kwa hiyo naomba nisahihishe kidogo pale juu, sukari nimeiona, ila ilichelewa sana.

Tatizo la methadoni, hasa kwa anayeanza, ni lazima uende kila siku. Bodaboda asubuhi ndo hela, wanafunzi, wafanyakazi wa ofisi za serikali kule Mtumba, wote wanataka kuwahi, na kijiweni watu wanapakia kwa foleni, ukiondoka zamu yako imekwenda. Walichofanya wale vijana ni kitu kidogo sana na mpaka leo sijaona semina iliyofundisha. Zamu yake inashikwa. Anaacha kofia ngumu kwenye tofali lake, anaenda kunywa dawa, akirudi anakuta kofia imesogezwa mbele kwenye foleni pale inapotakiwa kuwa, anapakia. Hakuna anayemuuliza umetoka wapi. Abiria hajui. Mgeni kijiweni akiuliza hili kofia la nani anaambiwa la mtu, subiri.

Watu wanaposema jamii imsaidie mraibu wanafikiria hela au mahubiri. Hela msimpe. Mkopo msimpe, na ukimpa ujue umetoa sadaka. Mimi mwenyewe nina mipaka yangu, chumba cha cherehani ufunguo ninao mimi, na yeye anajua na tulikubaliana, hatujanuniana. Kinachotakiwa ni nafasi kwenye foleni na watu wa kugundua mapema akianza kupotea.

Sasa nigeukie pombe maana ndo yenye watu wengi huku kwetu, unga ni wachache ukilinganisha. Kati ya mtu wa unga na mtu wa pombe mtaa una sheria mbili. Wa unga tunamkimbia. Wa pombe tunamcheka, tunamwimbisha, watoto wanamfuata, ni burudani ya jioni, mpaka siku atakapoacha. Akiacha ndo tunaanza kumvuta. Nimeona kwa macho yangu kwenye sherehe ya kipaimara huko Hombolo, baba mmoja kaomba soda, meza nzima imemgeukia, aah umeokoka? Unajifanya nani? Onja hata mvinyo, huu wa kwetu Dodoma, zabibu tupu, huu si pombe. Shemeji yake kamuwekea glasi mbele na kusimama pale pale mpaka anywe. Watu wale wale waliokuwa wanasema huyu mzee pombe itamuua! Serikali ilipiga marufuku viroba mwaka 2017, tarehe moja mwezi wa tatu, na kweli vile vipakiti viliondoka madukani, lakini hakuna tangazo la serikali linaloweza kumzuia shemeji.

Na wanawake ndo wana mzigo mara mbili. Mwanaume akinywa ni mlevi, mwanamke akinywa ni malaya, ndo kipimo chetu. Soba hausi nyingi ni za wanaume, mwanamke akipata nafasi anauliza watoto nawaacha na nani. Akirudi mume keshaoa. Kwa hiyo anajificha nayo ndani, gongo kwenye kikombe cha chai, mpaka ini linasema lenyewe. Kama una mtu nyumbani na hujui pa kuanzia, Mamlaka ya kudhibiti dawa za kulevya ina namba ya bure, 119, ni ile ile ya kutoa taarifa za wauzaji ila hata ushauri wa pa kupata tiba unauliza. Au nenda Mirembe, na mtandio shusha.

Nimemuandika mwanamke kwa sababu lipo jambo limenishika wiki hii. Kikoba chetu kina mama mmoja anaomba kujiunga, alikuwa anapika gongo na kuinywa, sasa kaacha, ana genge la mboga na anaamka saa kumi usiku kwenda kuchukua mchicha na nyanya. Wenzangu wamegoma. Wanasema atakula hela zetu, sanduku letu lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti, sijui atalilaje, lakini wamegoma. Mmoja wa waliogoma ni yule yule wa beseni la nguo, ambaye siku hizi anapanda boda ya mdogo wangu kwenda sokoni Majengo na mizigo yake yote na kumwita mwanangu, na nilivyomkumbusha akasema huyo ni tofauti, huyo namjua.

Kikao ni Jumapili saa kumi jioni kwa mtunza hazina. Katiba inataka wadhamini wawili, wa kwanza nimeshasema ni mimi, wa pili anatafutwa, na kama hajitokezi mtu tutabishana mpaka magharibi, maana nimeisoma ile katiba kurasa zote na hakuna panaposema aliyewahi kunywa haruhusiwi kununua hisa, na ingekuwepo, nusu ya kikoba tungebeba vitabu vyetu tukaondoka, tena mweka hazina angetangulia.